Mbwa wa Askari na Kidonge cha Usingizi

Familia ya askari wa Marekani inayohamishiwa Okinawa au Yokosuka, Japani, pamoja na mbwa au paka wake, humwendea daktari wa mifugo na swali lilelile: mnyama apewe dawa gani ya usingizi kabla ya kupanda ndege? Asipewe yoyote. Swali lililopaswa kuulizwa, tena miezi saba kabla ya safari, ni jingine: damu ya mnyama itapimwa lini?

Wanaong'ang'ania kidonge huamini kwamba mnyama aliyelala hateseki. Asepromazini, dawa iliyozoeleka kwa kazi hiyo, hulegeza mwili lakini haiondoi hofu. Mnyama huendelea kusikia ngurumo za injini, na baadhi ya wanyama hushtuka kwa kelele kuliko kawaida. Dawa hiyo hutanua mishipa, shinikizo la damu likashuka, na huvuruga uwezo wa mwili kudhibiti joto lake: mbwa anayesubiri kupakiwa juani hashindi joto, na penye baridi hashindi baridi. Hewa ndani ya ndege iliyo angani ni nyepesi kama ya mlima wa takribani mita 2,400. Bulldog, pug na paka wa Persia, waliozaliwa na njia finyu za hewa, ndio wa kwanza kuzidiwa. Mnyama mwenye fahamu zake hujikaza kreti inapoyumba. Aliyeleweshwa hubingirika, na akilalia shingo vibaya hakuna wa kumgeuza katika sehemu ya mizigo. Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani kinapinga desturi hii, na mashirika mengi ya ndege hukataa mnyama aliyelewa dawa. Nusu kidonge cha mzio kilichotolewa kabatini nyumbani nacho hulevya. Kununuliwa bila cheti cha daktari hakukifanyi salama.

Kinachomtuliza mnyama ni mazoea. Kreti iwekwe wazi sebuleni wiki kadhaa kabla, ale humo, alale humo.

Kinachomzuia mnyama kuingia Japani ni kalenda. Nchi hiyo haijawa na mnyama aliyeambukizwa kichaa cha mbwa ndani ya mipaka yake tangu 1957, na inalinda rekodi hiyo kwa makini. Kwa anayetoka Marekani bara, chipu ya kumtambulisha mnyama hutangulia. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiwi. Hufuata chanjo ya kwanza, mnyama akiwa na umri wa siku 91 au zaidi, kisha ya pili baada ya siku zisizopungua 30. Halafu damu hutolewa, na kinga ifikie angalau uniti 0.5 kwa mililita. Siku 180 huanza kuhesabiwa siku damu ilipotolewa. Anayewasili mapema humalizia zilizobaki karantini, hata kama ana barua ya uhamisho mkononi. Taarifa ipelekwe Japani siku 40 kabla ya kuwasili, na mnyama akaguliwe ndani ya siku 10 kabla ya kuondoka. Risiti zitunzwe: tangu Januari 2024 jeshi hurudisha hadi dola 2,000 kwa mnyama mmoja anayehamia ng'ambo.

Majibu ya damu hutumika miaka 2, mradi chanjo isikatike. Askari anayehisi tu kwamba huenda akahamishwa ampeleke mnyama wake akapimwe sasa, asisubiri barua.