Ukulele ya Gudele na bega lake lililomegwa

Nilikwenda Gudele, mtaa wa Juba, kutafuta fundi wa kukaza miguu ya kitanda, nikarudi mjini habari ya kitanda nimeisahau kabisa. Mbele ya karakana moja ya mabati, chini ya turubai, kati ya fremu za milango na viti ambavyo havijapigwa msasa, zilitundikwa ukulele tano, kila moja na msumari wake. Nne zilikuwa na umbo tulilolizoea, la tarakimu nane. Ya tano ilimegwa bega la kulia, upande wa nyuzi za chini, kama andazi ambalo mtu ameling'ata mara moja akalirudisha sahanini.

Naandika ukulele, si ukelele wa anayeita majirani. Ni gitaa dogo la nyuzi nne ambalo wahamiaji wa kisiwa cha Madeira walilifikisha Hawaii mwaka 1879 likiwa na jina jingine, na wenyeji wakaliita kwa lugha yao kiroboto arukaye. Juba limeingia kimyakimya. Mzazi anataka gitaa la mtoto, kubwa halishikiki, basi huja kwa fundi wa milango.

Fundi huyu ni mtu wa makamo. Aliomba jina lake lisiandikwe, nami nimeheshimu ombi lake. Kiswahili chake ni cha Kakuma, Kenya, alikolelewa ukimbizini kama wengi wa rika lake hapa, na hapohapo ndipo alipojifunza randa na patasi.

"Hii ya mwisho, fundi, imevunjika?"

"Imekatwa, ustaz. Nimeikata mwenyewe, tena kwa kulipwa. Na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema."

Ni nadra kumsikia fundi akisema hivyo mbele ya mteja. Niliburuta kigoda nikaketi.

Sababu ya kukata bega la gitaa inajulikana. Mkono wa kushoto ukipanda shingoni hufika mahali sanduku linapoanza, ukagota. Ukimega bega, vidole vinapita mpaka kwenye sauti nyembamba kabisa. Kwa mpiga solo wa sebene hilo ni la lazima, maana riziki yake iko huko juu, na mpiga benga ni vivyo hivyo. Vijana wa bendi za makanisa ya Juba wamekulia kwenye muziki huo, na kila gitaa wanalolihusudu limemegwa bega. Kijana aliyeagiza ukulele hii alikuja na picha kwenye simu. Alitaka iwe hivyo, akalipa malipo ya awali, akaondoka.

"Sasa weka kidole hapa," fundi akaniambia, akinipa ile iliyomegwa.

Akanielekeza kwenye nafasi inayofuata freti ya 12, pale ambapo uzi umebaki nusu yake. Nilijaribu. Kidole changu cha shahada kilijaa nafasi yote, kikapanda juu ya chuma cha freti, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza. Akachukua rula. Kwenye gitaa la kawaida uzi una kama sentimita 65 kutoka daraja hadi kichwani, na nafasi ile ya 13 ni milimita 18. Kwenye ukulele ndogo uzi ni sentimita 35, na nafasi hiyohiyo haifiki milimita 10. Kadiri unavyopanda ndivyo inavyozidi kubana. Tena ukulele nyingi za kimo hiki zina freti 12 tu, na ya 12 iko pale shingo inapokutana na sanduku. Yaani umefungua mlango ambao nyuma yake hakuna chumba.

"Kwa hiyo ni pambo?"

"Kwa hii ndogo, ndiyo, ni pambo. Lakini usiandike pambo ukaishia hapo. Kwanza uone kazi yake."

Nami nikaona, maana alikuwa na ubavu wa kukunja siku ile. Anatumia msaji, mabaki ya vitanda na milango, mti uliopandwa Equatoria tangu enzi za Waingereza huko Kagelu karibu na Yei, na Loka. Ubavu wa ukulele ni ubao mwembamba wa milimita 2 hivi. Anauloweka kwenye beseni, kisha anaukandamiza juu ya bomba la chuma lililopashwa moto wa mkaa, pole kwa pole, mvuke ukilia chini ya viganja. Kunjo la kiuno si tabu. Kunjo la tumbo la chini halina neno. Shida ni pale bega linapomegwa: ubao unakwenda upande mmoja, halafu ndani ya upana wa vidole vitatu unatakiwa ugeuke urudi ulikotoka, kama mtu aliyekaribia soko la Konyo Konyo akakumbuka kwamba pochi imebaki nyumbani. Msaji haupendi kugeuzwa hivyo. Nyuzinyuzi zake zinainuka, unasikia mlio mdogo kama wa njiti ya kiberiti, na siku yako imekwisha.

Nilimwangalia akifika kwenye kona hiyo. Alinyamaza. Kidole gumba cha kulia kilisukuma, cha kushoto kikazuia, na uso aliusogeza karibu na bomba mpaka nikahofia nyusi zake. Hakuutazama ubao hata kidogo, aliinamisha sikio. Ulipokubali alishusha pumzi, akaubana kwenye kibano, akaniambia kwamba kabla ya ile ya msumarini alivunja mbavu nne. Ipo njia nyepesi, ya kuacha pembe kali kwa kuunganisha vipande viwili penye kona, na mafundi wengi duniani wanaifuata. Yeye aliona picha ya mteja ina bega la duara, akaheshimu picha.

Bado kuna gundi. Msaji una mafuta, usipoupangusa kwa spiriti kabla ya kugundisha, kiungio kinaachia Januari joto likikaza na hewa ikikauka. Patasi nazo huwa butu upesi. Hesabu ya bei niliiona kwenye daftari lake: ile iliyomegwa ilimchukua siku sita, zile nne siku mbilimbili. Alimtoza kijana nyongeza ambayo haikufika hata bei ya mkaa.

Kuhusu sauti, fundi ana nadharia yake, na mimi nimeikubali kuliko nyingi nilizozisikia kwa wenye ala za bei mbaya.

"Ukulele inaweza kuwa ndogo, lakini mkono haupungui," alisema. "Mkono wa huyo kijana ni uleule, ashike gitaa kubwa ama hii. Kwa hiyo tundu la kuupitisha ni lilelile. Ukimega ukumbi wa kanisa kona moja, nani atalalamika? Ukimega kona hiyohiyo kwenye jiko la mama yako, atapikia wapi?"

Hewa ndani ya sanduku ndiyo inayozipa sauti nene mwili wake. Ingawa sehemu inayotikisika zaidi ni ile ya chini inayozunguka daraja, ukipunguza hewa kwenye kitu chenye hewa kidogo tayari, lazima kitu kibadilike. Kiasi gani, ndiyo swali. Alinigeuza nitazame barabara, akapiga ukulele mbili za msaji mmoja zenye nyuzi zilezile, uzi wa kuvulia samaki kutoka Konyo Konyo. Alirudia mara tano, nami nibashiri ipi ndiyo iliyomegwa. Nilikosea mara mbili. Mtoto wake wa miaka kumi hivi, aliyekuwa akifagia vinyoleo, alipatia zote tano bila kuinua kichwa. Nilipomuuliza amejuaje, alisema moja "imebanwa pua."

Fundi alicheka, lakini niliona limemwingia.

Tulizungumza pia habari za thom, ala ya nyuzi ya Wanuer na Wadinka ambayo Kiarabu cha Juba huiita rababa. Haina shingo. Nyuzi zinasimama hewani kati ya mikono miwili ya mti, na kidole kinafika popote bila kumega chochote. Babu yake aliipiga. "Hakuna aliyemletea picha," alisema.

Usiku ule jina moja lilinizuia kulala: Mario Maccaferri, Mwitaliano aliyebuni magitaa ya Selmer yaliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1932, yale ambayo Django Reinhardt aliyapa umaarufu. Bega la magitaa hayo lilimegwa waziwazi, wakati magitaa mengine mengi yalikuwa bado hayajaguswa. Baadaye, akiwa Marekani, mwaka 1949 alitoa ukulele ya plastiki iitwayo Islander, ikauzwa kwa mamilioni. Plastiki haikunjwi juu ya bomba; inamiminwa kwenye kalibu, umbo lolote ni gharama ileile. Mtu aliyekwisha kulikata bega la gitaa, mwenye uhuru wote wa kulikata la ukulele, aliacha mabega yote mawili mazima. Nilirudi Gudele asubuhi kumweleza fundi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi alikuwa amepima," alisema. Kisha baada ya kitambo: "Ama wateja wake hawakupiga sebene."

Nami hapo nimekwama. Kwa ukulele ndogo naona jibu lipo, na natamani mzazi asilipie bega ambalo mtoto hatalitumia. Lakini kijana yule wa kwanza amerudi na oda nyingine, ya ukulele kubwa zaidi yenye uzi wa sentimita 43. Kwenye hiyo, shingo inakutana na sanduku kwenye freti ya 14, zipo freti nyingine juu yake, na nafasi ya 13 ina milimita 12. Kidole chembamba kinatosha. Anapiga solo kwenye kwaya huko Kator. Anataka bega limegwe.

Ubavu ulikuwa bado kwenye beseni, umenyooka, maji yamegeuka rangi ya chai. Bomba lilikuwa baridi.

"Utamkatia?"

"Nimemwambia aje Jumamosi," fundi alisema, akiugeuza ubao upande wa pili uloane sawasawa. "Aje na mkono wake. Nitaupima kwanza."