Grupe ikijaa, nani anabaki inje?

Kule Masisi na Walikale, bunduki zikianza kusikika, watu wanashika simu mbele ya kushika mizigo. Wanauliza: barabara ya Nyabiondo iko wazi? Soko ya Mubi inafanyika leo? Jibu linatoka mara nyingi mu grupe ya WhatsApp. Lakini kuko mwenye kuomba kuingia na anajibiwa: « Grupe imejaa. » Ni maneno mawili tu. Kwetu, kubaki inje ya mazungumzo ni kuweza kushika njia ambayo wengine wamekwisha kuikimbia.

Hesabu hiyo ya watu haikupangwa na adimini wa kijiji. Ni kampuni yenyewe inaipanga. Mwaka 2014 grupe moja ilifika watu 100, mwaka 2016 wakawa 256, na mwaka 2022 wakawa 512, kisha 1024. Namba hizo tatu za mwisho zinatoka kwa namna kompyuta inavyohesabu, mbili kwa mbili: ukizidisha 2 kwa 2 mara kwa mara, utakutana nazo njiani.

Mambo ya mipaka ni ya zamani. Mwaka 1980, kampuni ya Marekani CompuServe ilifungua mahali pa kuzungumza kwa kompyuta, ikafuata mfano wa redio ndogo ambazo madereva wa makamio walikuwa wakiitiana nazo barabarani. Mwaka 1988, Jarkko Oikarinen wa muji wa Oulu, inchi ya Finlande, akatengeneza IRC. Pale, mwenye kusimamia chumba alionekana kwa alama ya @ mbele ya jina lake. Aliweza kumufukuza mutu na kuweka kipimo cha watu wa kuingia. Kwa AOL, chumba cha kawaida kilikuwa cha watu 23. Kikijaa, kingine kinafunguliwa kando, jina ni lile lile, namba tu inabadilika. Hakuna aliyeuliza wewe ni mutoto wa nani.

Sisi pia tulikuwa na chumba chetu: foni. Mbele ya antena za simu kufika, ile redio ya betri na panneau ya jua ndiyo iliunganisha parokia, hospitali, wanunuzi wa madini na wakubwa wa vijiji. Ukibonyeza kwa kusema, hausikie. Ukitaka kusikia, achilia. Wawili wakisema pamoja, hakuna mwenye kuelewa kitu. Ndiyo sababu foni ilifundisha watu adabu: jitaje, muite mwenzako, sema kwa ufupi, maliza, wacha wengine wapite. Na kila mutu mwenye mashine kwa mawimbi yale alikusikia: padri, muganga, mufanya biashara, hata mwenye bunduki. Mutu alipima neno mbele ya kulitoa.

Lakini foni haikufika kila mahali, na tunajua bei yake. Kati ya tarehe 30 mwezi wa saba na tarehe 2 mwezi wa nane 2010, watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vingine 12 kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi, mu teritware ya Walikale. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 303 waliobakwa. Kituo cha MONUSCO kilikuwa Kibua, kilometa 30 hivi. Simu haikushika Luvungi. Nyuma ya pale ndipo MONUSCO ilipoongeza wasaidizi wa kuongea na raia, na kuwapa watu wa vijiji simu za kuita musaada.

Leo rezo imeongezeka, hata kama mahali pengine watu wanapanda kilima kuitafuta. M23 ilipoingia Masisi-centre mwezi wa kwanza 2025, kisha Walikale-centre mwezi wa tatu, habari hazikukosa. Kilichokosa ni kujua ya kuamini ni ipi. Odio ya mwaka jana inazungushwa kama ya leo. Mutu anaandika « wamefika » bila kusema ni nani, wapi, saa ngapi. Kati ya watu elfu moja, mwenye kuona kwa macho yake anafunikwa na wenye kusikia kwa jirani.

Na kuko jambo lingine la kutuogopesha zaidi. Chumba cha AOL kikijaa, kilipasuka kwa namba. Grupe zetu zikijaa, mara nyingi zinapasuka kwa kabila. Hawa wanaenda na Kihunde chao, wale na Kinyarwanda, wengine na Kinyanga ao Kitembo. Ndani ya kila chumba kunabaki watu wa sauti moja, na uongo juu ya jirani haupate wa kuukatalia, sababu jirani mwenyewe haiko pale. Foni haikupendanisha watu, lakini iliwalazimisha kusikilizana.

Basi, grupe ikijaa, tuigawe kwa barabara. Moja iwe ya Sake mpaka Nyabiondo, nyingine ya Walikale, Mubi na Njingala, na kila kabila ya njia ile iwe na mutu wake mule. Mwenye kuleta habari aseme mahali na saa, na kama ameona ao amesikia tu. Adimini afute matusi hata kama yanatoka kwa ndugu yake. Na yule mama asiye na simu, mwenye shamba nyuma ya kilima, apewe mutu mumoja wa kumupelekea habari kwa miguu. Huyo hahesabiwe mu 1024, lakini vita ikifika, yeye pia iko njiani.