Kishikwambi Kipo, Somo Je?

Tangu 2016 shule za msingi zimepokea vishikwambi, vingine kupitia Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno. Kifaa tunacho, tunachokikosa ni somo la hisabati la kukitia. Twaipendekeza GeoGebra, aliyoianzisha Markus Hohenwarter huko Austria mwaka 2001: mwalimu hailipii darasani, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Mtoto huivuta ncha ya pembetatu apendavyo, na jumla ya pembe hubaki nyuzi 180. Hapo huona alichokuwa akikikariri. Kwenye jedwali la kompyuta, tumpe mirathi aigawe: mjane mwenye watoto thumuni, kisha mwana mafungu mawili, binti moja. Aljebra yenyewe ilipata jina katika kitabu cha al-Khwarizmi, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za mirathi.