Ukinunua Almasi, Usiulize Karati Pekee

Mahari ni haki ya mke, nayo huwa mali yake tangu siku anayokabidhiwa. Pale pete ya almasi inapokuwa sehemu ya mahari hiyo, kukijua vyema kinachonunuliwa ni sehemu ya kumtimizia haki yake. Hata hivyo, aghalabu mnunuzi huingia kwa sonara akiwa na swali moja tu: jiwe hili lina karati ngapi?

Swali hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Karati ni kipimo cha uzito, na karati moja ni sawa na gramu 0.2. Thamani ya almasi hutazamwa kwa mambo manne: uzito, rangi, usafi na mkato. Rangi na usafi jiwe huja nayo kutoka ardhini. Mkato ni kazi ya mkono wa mwanadamu, na ndio unaoamua kwa sehemu kubwa jinsi jiwe litakavyong'aa.

Tunao mfano hapa Tanzania. Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya waridi yenye karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson, aliitoa zawadi ya ndoa kwa Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza. Ilipokwisha kukatwa, zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe iliondoka, ili kilichobaki kipate umbo la kurudisha nuru.

Almasi ya duara kwa kawaida hukatwa nyuso ndogo 57 au 58. Nuru huingia kwa juu, hugonga nyuso za chini, kisha hurejea machoni. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mhandisi wa ukoo wa wakata almasi kutoka Antwerp, Ubelgiji, alichapisha hesabu za pembe zifaazo: nyuzi 34.5 kwa upande wa juu na nyuzi 40.75 kwa upande wa chini. Jiwe likiwa na kina kupita kiasi, nuru huvujia chini na katikati huonekana giza. Likiwa bapa mno, pete ya kijivu hujitokeza ndani yake, mithili ya jicho la samaki.

Tangu mwaka 2006, taasisi ya vito ya Marekani ijulikanayo kwa herufi GIA huupa mkato wa almasi za duara madaraja matano: bora kabisa, nzuri sana, nzuri, ya wastani na duni. Hutazamwa mng'ao wake, rangi za upinde wa mvua zinazochomoza, na jinsi linavyomeremeta likitikiswa. Huongezwa ulinganifu wa uzito na upana, uimara, usafi wa kung'arishwa na usawa wa nyuso.

Tuzingatie hapo kwenye uzito na upana. Bei ya almasi hupanda kwa kishindo inapofika karati moja kamili, hivyo mkataji huweza kuacha tumbo la jiwe likiwa nene ili tu lifike hapo. Almasi ya duara ya karati moja, ikikatwa vizuri, huwa na upana wa takriban milimita 6.5. Ikipungua sana, uzito umefichwa chini, na mnunuzi hulipia kisichoonekana.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuombe cheti cha maabara isiyo ya muuzaji, na tusome daraja la mkato lenyewe. Kung'arishwa na usawa wa nyuso nayo huandikwa kwa madaraja, na ni rahisi kuyachanganya. Pili, iwapo namba ya cheti imechongwa ukingoni mwa jiwe, tuilinganishe kwa kioo cha kukuzia. Tatu, tuombe vipimo vya upana. Nne, tulitazame jiwe mbali na taa kali za dukani, karibu na dirisha na kivulini, kwani chini ya taa zile hata mkato duni hupendeza.

Muuzaji mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Na siku ya kukabidhi pete, cheti nacho apewe bibi harusi akihifadhi mwenyewe, kwa kuwa mali ni yake.