Mkononi au kwenye podo? Ujuzi wa kubeba mishale unaovuka mipaka ya Afrika Mashariki

MWINDAJI anayetoka nyumbani na mishale ya sumu amebeba kifo chake mwenyewe. Akijikwaa kwenye kisiki na chembe ikamchoma pajani, zahanati ya kijijini haina dawa ya kumwokoa. Kwa sababu hiyo, kuanzia Ziwa Eyasi nchini Tanzania hadi nyika ya Tsavo nchini Kenya na msitu wa Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kila jamii inayowinda kwa upinde imelazimika kujibu swali moja: mishale ibebwe vipi?

Majibu yanatofautiana. Wapo wanaoibeba mkononi pamoja na upinde. Wapo wanaoitia kwenye podo la ngozi lenye kifuniko na kulitundika begani. Wengine huachana na mjadala wa podo na kuifunga kila chembe kwa ukanda wa ngozi. Kila njia ina faida yake na gharama yake, na inaeleza mengi kuhusu nchi inayowindwa, mnyama anayetafutwa na sheria inayomsubiri mwindaji njiani.

Eyasi: Wachache, na mkononi

Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ni watu wasiozidi elfu moja na mia chache. Mwanamume wa Kihadzabe hatoki kambini bila upinde, na mara nyingi mishale huwa katika mkono uleule ulioshika upinde. Hana mzigo mgongoni. Ana kisu, pengine na shoka la kuchongea asali, basi.

Mantiki yake inaonekana porini. Nyika ya Eyasi imejaa miiba, na podo lililoning'inia mgongoni hunasa kwenye matawi. Mishale ikigongana ndani ya podo hutoa mlio, na digidigi au pimbi hangoji kuusikia mara ya pili. Kanga anaporuka kutoka kichakani, mwindaji ana muda mfupi sana wa kuchagua mshale, kuupachika kwenye upote na kuvuta. Mkono wa kulia ukilazimika kwenda begani kwanza, ndege amekwisha kwenda.

Mishale hiyo haifanani. Ipo ya mti mtupu iliyochongwa ncha, ya ndege na wanyama wadogo. Ipo yenye bapa la chuma lisilo na sumu. Ipo pia yenye chembe ya chuma iliyopakwa sumu, inayotunzwa kwa ajili ya wanyama wakubwa kama twiga, pofu na pundamilia. Chuma hupatikana kwa kubadilishana na wahunzi wa Kidatoga walio jirani, au hutokana na misumari ya dukani inayopondwa ikiwa baridi hadi ikawa bapa. Manyoya ya nyuma ni ya kanga au tai.

Kubeba mishale michache ya kila aina humpa mwindaji nafasi ya kujibu chochote kitakachotokea mbele yake. Kikwazo ni kwamba hawezi kubeba mingi, na mkono mmoja hauna kazi nyingine siku nzima. Tena, mishale ya sumu iko wazi karibu na mwili wake.

Hapo ndipo ukanda wa ngozi unapoingia. Chembe yenye sumu huzungushiwa kipande cha ngozi laini, kikafungwa vizuri, na hufunguliwa pale tu mnyama anapokaribia kupigwa. Ngozi hiyo hufanya kazi mbili kwa pamoja: inamkinga mwenye mshale na watoto wa kambini, na inaizuia sumu isikauke na kubanduka.

Tsavo: Mzigo wa mashujaa wa ndovu

Mamia ya kilomita kuelekea mashariki, upande wa pili wa mpaka, Waata walikabili tatizo lilelile kwa kiwango kikubwa zaidi. Jamii hii, iliyojulikana pia kwa jina la Waliangulu, iliwinda ndovu kwa upinde katika nyika kati ya Tsavo na pwani ya Kenya. Pinde zao zilihesabiwa kuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi duniani. Baadhi zilihitaji mvuto unaozidi kilo 45 ili kukunjwa sawasawa.

Mshale wa Waata ulitengenezwa kwa vipande. Sehemu ya mbele yenye chembe na sumu ilichomekwa kwenye wano, hivi kwamba mshale ukimpiga ndovu, wano linaweza kuanguka na kuokotwa huku sumu ikibaki mwilini mwa mnyama. Mpangilio huo ulirahisisha pia ubebaji: sehemu ya sumu ilizungushiwa ngozi nyembamba na kulindwa kama kitu cha thamani, kwa kuwa ndicho kilichokuwa cha thamani.

Sumu yenyewe ilikuwa bidhaa. Wagiriama wa pwani walisifika kwa kuipika na kuiuza kwa wawindaji. Ilitokana na msunguti, mti ambao wataalamu wa mimea wanauita Acokanthera. Mbao na mizizi yake huchemshwa kwa saa nyingi hadi maji yanabaki ujiuji mweusi unaonata kama lami. Mnunuzi alikuwa na sababu zote za kuhakikisha mali yake hailoi mvua wala haikwaruzwi njiani.

Wakamba nao, waliowinda na kuendesha misafara ya pembe za ndovu hadi pwani katika karne ya 19, walipendelea podo la ngozi lenye kifuniko na mkanda wa kuvukia bega. Kwao ilikuwa na maana. Mtu anayesafiri siku nyingi, mwenye mzigo na anayeweza kukutana na adui, anahitaji mishale mingi, mikono iliyo huru na kifuniko cha kuzuia mvua. Wakati wa kuwinda ukifika, huchomoa michache na kuishika tayari.

Podo hilo Wakamba huliita thyaka, na Wakikuyu thiaka. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kwamba kamusi zetu, kando ya neno podo, zina pia ziaka. Watu waliotenganishwa na lugha na mashamba bado wanakiita chombo hiki kwa jina linalokaribiana.

Mswaki wa Dk Kirk

Wageni nao walijifunza hatari ya kubeba sumu bila kifuniko. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefuatana na David Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858, alikusanya sumu ya mishale inayotokana na mmea wa Strophanthus. Mswaki wake uligusana na sumu hiyo mfukoni. Alipopiga mswaki, alibaini kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua.

Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar kwa miaka mingi, alipona. Kosa lake dogo la ubebaji liliwafungua macho madaktari. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, na dawa iliyotokana nayo ikaja kutumika kutibu magonjwa ya moyo.

Sumu ya msunguti nayo ina historia inayofanana. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitenga kemikali iliyomo kutoka kwenye mti wa jamii hiyo, na ikapewa jina lililotokana na waabaayo, neno la Kisomali la sumu ya mishale. Somalia leo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na neno lake limo katika vitabu vya famasia vya dunia nzima.

Kemikali hizi huvuruga kazi ya seli za misuli ya moyo. Zikiingia kwenye damu, moyo hupiga ovyo kisha husimama. Zikimezwa, hufyonzwa kidogo sana, na ndiyo sababu nyama ya mnyama aliyepigwa huliwa baada ya kukatwa sehemu inayozunguka jeraha. Kwa mwindaji, tofauti kati ya chakula na msiba ni mchubuko mmoja tu wa ngozi.

Ituri: Msituni hakuna nafasi

Katika msitu wa Ituri, hali ni tofauti na ya nyika. Huko mwindaji haoni mbali. Waefe, mojawapo ya makundi ya Wambuti, huwinda kwa pinde fupi, wakati mwingine wakiwa kundi, na mbwa waliofungwa kengele za mti shingoni huwafukuza paa kutoka vichakani. Wakati mwingine mwindaji hupanda mtini karibu na matunda yaliyoiva na kungoja.

Mishale ya chuma hutumika kwa paa. Ile myembamba ya mti, iliyopakwa sumu, ni ya kima walio juu ya miti. Nyuma, mahali pa manyoya, hupachikwa kipande cha jani. Upinde mfupi na mishale michache hupita kwa urahisi kati ya mizizi na mitambaazi, na aliye juu ya tawi anahitaji mishale iliyo karibu na vidole vyake.

Kwa jumla, chaguo linafuata mambo manne: umbali wa safari, msongamano wa miti, mnyama anayetafutwa na uwepo wa sumu. Safari ndefu na mvua huita podo. Kichaka na mnyama mdogo mwepesi huita mkono. Sumu huita ngozi, iwe mshale uko mkononi au ndani ya podo.

Anayempiga mnyama mkubwa kwa sumu hamkimbilii. Humwacha aende, akarudi baadaye na wenzake kufuata nyayo na kuokota wano lililoanguka. Wahenga waliosema mshale kwenda msituni haukupotea walilijua jambo hilo.

Mshale mmoja, sheria tofauti

Chaguo la leo, hata hivyo, haliamuliwi na miiba na mvua peke yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013 inahesabu hata uwindaji wa kitoweo kuwa kosa. Tanzania inaruhusu uwindaji kwa leseni na vibali. Mtu aliyeshika mishale upande mmoja wa mpaka anaweza kuwa kivutio cha watalii. Upande wa pili, podo lake ni kielelezo mahakamani.

Waata walilijua hilo mapema. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na kampeni kali dhidi ya ujangili katika miaka ya 1950 iliwapeleka wengi wao gerezani. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, uliokusudia kuwapa njia halali ya kuutumia ujuzi wao, lakini haukudumu kama ulivyotarajiwa. Ujuzi wa kutengeneza upinde ule mkubwa ukabaki mikononi mwa wazee.

Nchini Uganda, Wabatwa walitolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991. Leo baadhi yao huwaonyesha watalii jinsi wazazi wao walivyoshika upinde na mishale, katika msitu wasioruhusiwa kuwinda. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliwapa ushindi katika kesi ya ardhi yao.

Uamuzi wenye uzito zaidi kwa kanda ulitolewa jijini Arusha. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za Waogiek wa msitu wa Mau, wawindaji na warina asali, ikiwemo haki ya utamaduni wao. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya milioni 157.85 na ardhi ya mababu zao itambuliwe.

Kongo nayo ilipitisha Julai 2022 sheria ya kulinda haki za watu wa asili wa misituni. Tanzania, kwa upande wake, iliwapa Wahadzabe wa Bonde la Yaeda hati za kimila za kumiliki ardhi mwaka 2011, zinazohusu takribani hekta 20,000. Hati hizo zimewapa nguvu ya kuzuia mashamba na mifugo kumeza pori lao.

Bila pori, mjadala wa mkono au podo hauna maana. Tayari kando ya Eyasi kuna mishale inayochongwa kwa ajili ya mkoba wa mtalii. Hiyo haihitaji sumu, wala ukanda wa ngozi, na kijana anayeichonga hana sababu ya kujifunza kwa nini baba yake aliifunga chembe kabla ya kuvuka mto.

Kifungu cha 116 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinazitaka nchi wanachama kuwa na sera ya pamoja ya uhifadhi na matumizi endelevu ya wanyamapori. Wanaojadili sera hiyo huwa ni wataalamu wa hifadhi na utalii. Wahadzabe, Waata, Waogiek, Wabatwa na Waefe wana la kuchangia katika mazungumzo hayo, kwa kuwa wameishi na wanyama hao kwa vizazi vingi na wanajua kipimo cha kuchukua: mishale michache, kila mmoja na kazi yake, na ule wa hatari umefungwa mpaka utakapohitajika.