Kiroboto wa Kichina aliyetembea ukutani

Kama wewe ni shabiki wa muvi za kung fu, lazima umeona jamaa akiruka paa hadi paa kama paka. Wachina wana msemo wake: fei yan zou bi, yaani kupaa juu ya mapaa na kutembea ukutani.

Katika Shui Hu Zhuan, riwaya ya kale yenye mashujaa 108, sifa hiyo ni ya mwizi, Shi Qian, aliyebandikwa jina 'Kiroboto juu ya Ngoma'. Aliiba vazi la vita lililoning'inizwa kwenye boriti la chumba cha kulala, na wizi huo ukawasaidia wenzake kushinda vita.

Shukrani yake? Mashujaa walipopangwa kwa vyeo, aliwekwa nambari 107. Kipaji tele, heshima kiduchu!