Jinsi ya Kujifungia Nje ya Rauta Yako

Kijana aliandika mstari mmoja, akabonyeza, kioo cha laptopu kikaganda. "Kaka, mtandao umekata," akaniambia. Haukuwa umekata. Alikuwa ameiagiza rauta imkatae kila anayebisha hodi, naye alikuwa mmoja wa wabishaji.

Tulikuwa Segese, Halmashauri ya Msalala, upande uleule wenye mgodi wa Bulyanhulu, ndani ya kibanda chenye mashine ya fotokopi, friji ya soda na, juu ya friji, kirauta cheupe cha MikroTik kinachokaa kiganjani. Kibanda kinauza vocha za Wi-Fi. Wateja ni bodaboda, wachuuzi wa mpunga, wachimbaji waliotoka maduarani, na wanunuzi wa dhahabu wasiotaja bei ya gramu kabla ya kuchungulia bei ya dunia.

Vitabuni kifaa anachojifunza kijana huyu huitwa ukuta wa moto. Jina hilo limewapoteza wengi, maana ukuta hausomi. Fairewoli inasoma. Ifikirie kama mgambo kwenye geti la ushuru wa mazao, mwenye karatasi ya maagizo mkononi. Kila pakiti, yaani kipande cha data, ikifika, anaanza kusoma kutoka juu: imetoka wapi, inaenda wapi, inataka mlango namba ngapi? Agizo la kwanza linaloihusu ndilo linaloamua, na yaliyo chini yake hayasomwi tena. Agizo la kijana la "kataa zote" lilikuwa sahihi kabisa, ila alilipachika namba moja, juu ya lile linaloruhusu watu wa ndani. Lingekaa mwisho, lingekuwa ulinzi mzuri.

Kuna jingine linalowachanganya wanaoanza. Rauta ina karatasi tatu. Moja ni ya pakiti zinazoijia rauta yenyewe, ya pili ni ya zinazopita tu kwenda kwa wateja na kurudi, ya tatu ni ya zile rauta inazozituma. Mtu anaweza kuwalinda wateja vizuri kwenye karatasi ya pili, halafu akaiacha rauta yenyewe wazi kwa dunia nzima.

Kosa hilo lina historia. Mwaka 2018 liligundulika tundu katika programu ya rauta za MikroTik, kampuni ya Latvia, lililomwezesha mtu wa mbali kupitia mlango namba 8291 na kusoma nywila. Kiraka kilitolewa Aprili mwaka huohuo, lakini wengi hawakukiweka. Kufikia Agosti zaidi ya rauta laki moja, nyingi zikiwa Brazil, zilikuwa zimetekwa na kuingiza kwenye kurasa za watumiaji programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Uchimbaji mdogo, mgodi ni kompyuta ya jirani, na mrabaha hakuna. Rauta yenye agizo la kukataa wageni wa nje kwenye karatasi yake ya kwanza haikuwa na la kuogopa kutoka upande huo.

Tukarudi ndani ya rauta kwa mlango wa uani. Programu ya Winbox inaweza kuifikia rauta kwa anwani yake ya MAC, namba ya kadi ya mtandao, na karatasi ya maagizo ya IP haiioni njia hiyo. Kisha nikamwonyesha kitu ambacho angepaswa kuonyeshwa siku ya kwanza: ukiwa kwenye dirisha la amri, bonyeza Ctrl na X kabla hujagusa chochote. Ukijifungia nje, rauta inafuta yenyewe ulichokiharibu.

Akapanga upya. Juu kabisa akaweka mazungumzo yaliyokwisha kuanza, kwa sababu rauta ina daftari: mteja akiomba ukurasa, ombi linaandikwa, na jibu likirudi linapita bila maswali. Pakiti nyingi ni za namna hii, kwa hiyo ukiziweka juu unakipunguzia kazi kichwa kidogo cha rauta. Zikafuata pakiti zisizoeleweka, zitupwe. Kisha ping, iruhusiwe. Kisha watu wa ndani. "Kataa zote" ikashuka chini.

Lakini malalamiko ya wateja hayakuhusu wezi, yalihusu kasi. Hapa lawama huenda baharini haraka, na si bure: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikayumba. Siku nyingine, hata hivyo, kosa liko juu ya friji.

Fanya hesabu. Laini inapandisha megabiti 2 kwa sekunde. Mtu mmoja anatuma video ya harusi, na modemu inapokea kila pakiti inayokuja, mpaka 250 zimejipanga. Kila moja ina baiti 1,500. Jumla ni biti milioni 3, yaani sekunde moja na nusu ya kungoja. Ombi dogo la mnunuzi wa dhahabu linakaa nyuma ya harusi nzima.

Mwenye karasha yeyote, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, anaijua dawa. Huwezi kumsagia wa viroba mia mpaka amalize wakati wa kiroba kimoja amesimama juani. Unasaga kwa zamu, kiroba kwa kiroba. Ndivyo inavyofanya fq_codel, iliyomo kwenye toleo la 7 la programu ya MikroTik. Nusu ya pili ya jina ni kazi ya Kathleen Nichols na Van Jacobson ya mwaka 2012: pakiti zikizidi kungoja milisekunde 5 kwa muda usiopungua milisekunde 100, moja inatupwa, na mtumaji anaelewa kwamba apunguze mwendo. Kijana hakupenda kusikia habari ya kutupa. Hakupenda pia nilipomwambia aweke kikomo cha 1.8 badala ya 2, ili foleni isimame kwenye rauta yetu na si kwenye modemu tusiyoweza kuiamuru.

"Si tunapoteza, kaka?"

Nikamwambia ajaribu kwanza. Akabonyeza Ctrl na X bila kukumbushwa. Video iliendelea kupanda, polepole kidogo. Mnunuzi aliyekuwa benchini akafungua bei ya dunia, ikaja palepale. Ilikuwa imeshuka. Akaguna, akaomba soda baridi.